Mzee Abdulswamad Aomba Kazi

Kwa miaka mingi watu wa Dongobesh waliamshwa na wawili, jogoo na Mzee Abdulswamad wa bekari, na katika hao wawili jogoo ndiye aliyekuwa na kawaida ya kupumzika.

Abdulswamad alizaliwa hapo hapo Dongobesh. Baba yake alitoka Kondoa na marobota ya vitambaa, akafungua duka, akategemea mwanawe ataendelea na biashara ya nguo. Mwana akasema nguo haina harufu. Akafyatua matofali kwa mkono wake, akajenga tanuri, akaanza kuoka mikate na skonzi, na katika mji wenye baridi kama ule, ambapo asubuhi mtu akiongea moshi unamtoka mdomoni, mkate wa moto haukuhitaji kutangazwa.

Hakuwa mtu mbaya. Mishahara alilipa, na mfanyakazi akifiwa alipeleka gunia la unga kabla hata ya majirani kufika. Ila aliamini kwa dhati kwamba unga hauumuki mpaka mtu afokewe. Alimfokea Pascal wa tanurini kwa kuweka kuni nyingi, kisha kwa kuweka kuni chache. Rogathe, mwanamke kutoka kijiji cha Daudi mwenye mikono ya kukanda unga ambayo hakuna aliyewahi kuona mingine kama hiyo, alifukuzwa kazi mara nyingi kuliko mtu yeyote wilaya ya Mbulu. Alifukuzwa kwa kucheka, kwa kuimba, na mara moja kwa kupiga chafya. Alikuwa akivua aproni, anakaa nje kwenye benchi anakunywa chai yake taratibu, na kabla chai haijaisha anaitwa tena.

Kisha mgongo ukamkamata. Daktari akamwambia asinyanyue tena gunia wala trei. Binti yake Samira ni nesi, yuko Babati, na hakuwa na haja na bekari. Akatokea mfanyabiashara aliyetaka kulinunua jengo auzie saruji na mabati. Habari hiyo ilipowafikia wafanyakazi, walimtuma Pascal na Zita, mama mmoja mtaratibu wa kijiji cha Maretadu aliyekuwa akisimamia ufungashaji.

"Shikamoo, mzee," alisema Zita.

"Marahaba."

"Tuuzie sisi."

Abdulswamad alicheka mpaka akashika mgongo. Lakini walikuwa wameshaongea na ofisa ushirika wa wilaya. Wangeunda chama chao, watu kumi na mmoja, wote wafanyakazi na wote wenye mali, kila mmoja kura moja. Wangemlipa kidogo kidogo kutokana na mikate hiyo hiyo.

"Bosi atakuwa nani?" aliuliza.

"Tutamchagua mwenyekiti kila mwaka," alisema Zita.

"Akikosea?"

"Tutachagua mwingine."

"Mkigombana?"

"Tutapiga kura."

"Na mikate mtaoka saa ngapi?"

Zita alimtazama Pascal. Pascal akamsaidia. "Katikati ya kugombana na kupiga kura, mzee."

Akawauzia, sehemu kwa sababu aliwapenda, na sehemu kwa sababu alitaka kuona watakavyoanguka. Aliwapa muda mpaka masika. Masika yakaja na matope yake, yakaenda, na bekari ikabaki imesimama. Kila asubuhi Abdulswamad alikwenda kununua mkate kama mteja, anaugeuza, anaugonga tako kwa kidole, anausikiliza. Ulikuwa mzuri. Jambo hilo lilimuuma kuliko mgongo. Na humo ndani, alipochungulia, kulikuwa na redio inaimba, na Rogathe anaimba nayo, na hakuna aliyemfukuza.

Deni likaisha kulipwa, na Abdulswamad akabaki bila hata sababu ya kwenda kudai. Basi akahamishia usimamizi nyumbani. Mkewe Zulfa ana kibanda cha vitenge sokoni. Abdulswamad alivipanga vile vitenge upya kwa urefu, akawakaripia wateja waliovishika kabla ya kununua. Jioni alisimama mlango wa jikoni akimweleza Zulfa namna ya kusonga ugali, Zulfa ambaye alikuwa akimsongea ugali huo huo tangu Samira hajazaliwa. Zulfa alivumilia mahindi yakapandwa, yakapaliliwa, yakavunwa. Siku moja aliweka mwiko chini.

"Baba Samira, mimi nakuheshimu sana. Nenda katafute kazi."

"Kazi gani kwa umri huu?"

"Yoyote yenye watu wengine wa kuwafokea."

Alikaa na neno hilo siku kadhaa. Hatimaye akavaa koti lake la suti na baragashia, akaenda bekari akaomba kuonana na mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa Zita. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwa heshima zote kwamba yeye peke yake hana mamlaka ya kumwajiri mtu. Aje Jumatano saa tisa, kwenye mkutano, baada ya mikate kutoka.

Jumatano alifika. Kumi na mmoja walikuwa wamekaa juu ya magunia na ndoo zilizogeuzwa. Walisimama wote, wakamwamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, shikamoo, naye akaitikia marahaba mpaka kinywa kikakauka. Kisha wakakaa, wakaanza kumhoji.

"Mzee, una uzoefu gani na mikate?" aliuliza Basili wa dirisha la mauzo.

Abdulswamad alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama ana uzoefu wa kupumua. "Hilo tanuri ulilolipa mgongo nililijenga mimi."

"Kwa hiyo unao," alisema Basili.

"Na kazi yako ya mwisho, mzee, uliiacha kwa nini?" aliuliza Pascal.

"Niliwauzia ninyi!"

"Nauliza tu, mzee. Tumekubaliana maswali yawe yale yale kwa kila mwombaji."

Rogathe akanyoosha mkono. Alikuwa na swali moja tu. "Ukiambiwa jambo na mtu mdogo kwako, utakubali?"

Hapo Abdulswamad alikohoa, akarekebisha baragashia, akasema itategemea jambo lenyewe. Wakamwomba atoke nje wajadiliane.

Alikaa kwenye benchi, chini ya dirisha. Ndani walihamia Kiiraqw, lugha ya wenyeji, kama watu wafanyavyo wanapotaka kusema ukweli. Walisahau kwamba mtu aliyezaliwa Dongobesh na kuuza mikate Dongobesh maisha yake yote hawezi kuwa hajui Kiiraqw. Aliyasikia yote. Alisikia kwamba ana makelele. Alisikia kwamba mchana hukoroma. Alisikia mtu akisema mkate wa zamani ulikuwa na chumvi zaidi ya sasa, na wengine wakikubali, na hilo alitaka kuingia ndani kulipinga, akajizuia kwa kuukamata ubao wa benchi. Kisha alisikia sauti ya Rogathe ikisema, "Lakini gunia la msiba halikuwahi kuchelewa." Baada ya hapo mikono ikahesabiwa.

Zita alitoka. "Mzee, umekubaliwa. Majaribio kwanza, miezi mitatu, kama mtu mwingine yeyote, lakini kura utapiga tangu mwanzo. Utaanza na kufungasha, umekaa, kwa ajili ya mgongo."

Nyuma yake alikuja Pascal, kaunyoosha mkono. "Shikamoo, mzee. Mimi nilikukataa. Nimeona ni vizuri ujue."

"Marahaba," alisema Abdulswamad.

Siku ya kwanza alifika akiwa amechelewa kidogo, kwa sababu kwa maisha yake yote saa ya kazi ilikuwa ile aliyofika yeye. "Shikamoo, mzee," alisema Zita. "Umechelewa." Aligundua siku hiyo kwamba anaweza kuamkiwa na kukaripiwa ndani ya pumzi moja, na kwamba hakuna adabu iliyovunjwa popote ambayo angeweza kuilalamikia.

Ugumu ulikuwa kwenye sauti. Asubuhi moja aliona unga umemwagika, akafoka kama zamani, "Nani huyo!" Bekari nzima iliruka. Rogathe alikuwa ameshafungua nusu ya aproni na kuanza kuelekea kwenye benchi ndipo akakumbuka kwamba hawezi kufukuzwa. Alirudi akiwa amekasirika kweli kweli. Wote walimgeukia mzee.

"Hilo ni pendekezo?" aliuliza Zita.

Abdulswamad alifikiri. "Ni pendekezo."

"Basi tutaliweka Jumatano."

Jumatano hiyo walipitisha kwamba ndani ya bekari hakuna kufoka, isipokuwa kitu kikiwa kinaungua. Abdulswamad alipiga kura ya ndiyo, wakashangaa. Kesho yake ikajulikana kwa nini. Basili alikuwa dirishani anapiga soga na mteja. "Inaungua!" ilisikika. Basili alikimbia tanurini. Hakuna kilichokuwa kikiungua. Idrisa, anayesambaza mikate kwa pikipiki mpaka Maretadu, aliegemea mlango akichezea simu. "Inaungua!" Idrisa akaruka. Wiki hiyo viliungua vitu vingi Dongobesh kuliko mwaka wowote, na mkate hata mmoja haukupata weusi. Wakalazimika kuitisha mkutano wa dharura, ajenda moja tu: maana ya kuungua.

Baada ya hapo aliamua kucheza mchezo wao. Lililomsumbua zaidi lilikuwa ile redio. Akaelewa kwamba akipata watu sita nyuma yake redio itazimwa. Akaanza kuwatembelea majumbani. Kwa Rogathe, kule Daudi, alikwenda na kilo mbili za sukari, akakaa kwenye kigoda, akasifia ng'ombe, akasifia vitunguu saumu, akasifia hata mbwa aliyekuwa anamng'ata koti. Mumewe Rogathe akamsindikiza mpaka barabarani. Jumatano Rogathe alinyoosha mkono upande wa redio.

"Rogathe!" alisema Abdulswamad. "Na ile sukari?"

"Sukari tulishukuru sana, mzee. Redio tunaipenda."

Alishindwa vibaya. Jioni alimwambia Zulfa kwamba demokrasia haina shukrani. Zulfa, ambaye tangu mumewe aanze kazi ugali wake ulikuwa unasongwa kwa amani, alisema apige moyo konde tu, asije akaacha kazi.

Ikafika Krismasi. Enzi za Abdulswamad, Krismasi watu walikwenda kanisani usiku, asubuhi wako kazini mpaka mchana, kwa kuwa mji unataka mkate. Chama kikaamua vingine: Wakristo wote wapumzike, na kazi ifanywe na waliobaki. Waliobaki walikuwa Abdulswamad na Idrisa. Abdulswamad hakulala vizuri kwa furaha. Siku nzima, bekari yake, na mtu wa kumwamrisha.

"Fungua dirisha," alimwambia Idrisa kulipokucha.

"Mimi naona tusubiri mikate ipoe kidogo," alisema Idrisa. "Tupige kura."

"Tuko wawili!"

"Ndiyo utaratibu, mzee."

Wakapiga. Kura moja dhidi ya moja. Walisimama pale wakitazamana, mikate inatoa moshi, mpaka bibi mmoja akagonga dirisha akiwa na kikapu na kitenge kipya cha sikukuu, akauliza kuna nini. Wakamweleza. Bibi akasema yeye anapendelea lifunguliwe, kwa kuwa ndicho alichokijia. Likafunguliwa. Abdulswamad alihesabu huo kuwa ushindi wake wa kwanza.

Miezi ya majaribio ilipita, akawa mwanachama kamili. Ukaja mwezi wa Ramadhani. Alifunga na kazi aliendelea nayo. Zita alimpangia zamu ya alfajiri ili mchana apumzike. Alikataa, akapangiwa hivyo hivyo. Mfungo ulipokaribia kwisha alikwenda mbele ya ubao mweusi ulioandikwa zamu za kazi.

"Mwenyekiti, mimi na Idrisa tutahitaji ruhusa ya Idd."

"Sawa, mzee. Siku gani?"

"Jumatatu. Au Jumanne."

"Ni ipi?"

"Itategemea mwezi."

Zita aliutazama ubao, akamtazama mzee, akautazama tena ubao. Abdulswamad alijiandaa kwa ugomvi. Yeye mwenyewe angekuwa bosi, na mtu akamletea ruhusa ya namna hiyo, angemwambia aende akakubaliane kwanza na mwezi. Zita alichukua chaki. Akawauliza Rogathe na Pascal kama wanaweza kuwa tayari siku zote mbili, na atakayeingia Jumatatu kumbe Idd ni Jumanne, apumzike Jumatano. Pascal akasema siku moja kati ya hizo ana shamba la kupalilia. Wakabadilishana na Basili, Basili akabadilishana na mwingine, majina yakafutwa na kuandikwa, na hakuna aliyepandisha sauti. Ilichukua muda mfupi kuliko ambao Abdulswamad angetumia kukataa.

Mwezi ukaonekana, Idd ikawa. Kwa mara ya kwanza akiwa mtu mwenye kazi, alikaa mbele ya sinia la pilau nyumbani kwake kanzu ikiwa haina unga. Samira alikuwa amekuja na watoto. Abdulswamad alikula matonge matatu, akasema anakwenda kuwasalimia majirani, na miguu ikampeleka bekari. Pascal alimkuta anachungulia tanuri.

"Idd Mubarak, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Hizo kuni mbona..."

"Leo si zamu yako."

"Naangalia tu."

"Mzee, kakae na wajukuu," alisema Pascal, akamshika mkono na kumtoa nje taratibu kama mtu anayemvusha barabara. Rogathe akamfuata na skonzi za watoto. Alirudi nyumbani, na pilau ilikuwa bado ya moto. Zulfa alimwona amekaa na hata saa ameivua, akamwongezea nyama.

Mwezi wa sita ulikuwa wa uchaguzi. Abdulswamad akatangaza kugombea uenyekiti, na kampeni yake hakuna aliyewahi kuiona mfano wake. Aliahidi kupunguza moshi. Aliahidi aproni mpya. Aliahidi kwamba redio haitaguswa, ahadi iliyomtoka kama jino. Mpinzani wake alikuwa Zita, ambaye kampeni yake yote ilikuwa kuuliza kama kuna mtu amekiona kile kipande cha chaki.

Kura ilikuwa ya siri. Kila mmoja alipewa kikaratasi, akaandika jina, akakitumbukiza kwenye debe la unga. Abdulswamad alichukua muda mrefu kuliko wengine, kalamu ikiwa hewani, akiutazama ule ubao wa zamu. Kisha akaandika upesi na kutumbukiza. Idrisa akachaguliwa kuhesabu.

"Zita," alisoma. "Zita. Zita."

Aliendelea hivyo hivyo, na kila jina lilivyotoka watu walizidi kuangalia chini. Debe likaisha. Idrisa aliligeuza, akaligonga tako, ukatoka unga kidogo.

"Hata moja?" aliuliza Abdulswamad.

"Hata moja, mzee."

Alisimama, akajifuta mikono. "Nampongeza mwenyekiti," alisema kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi, akaondoka kabla ya wakati.

Nyumbani alilalamika mpaka chai ikapoa. Watu kumi na wawili, hata mmoja! Tanuri alilolijenga yeye! Zulfa alimwacha amalize.

"Walikuwa kumi na wawili pamoja na wewe?"

"Pamoja na mimi."

"Na wewe ulimpigia nani?"

Abdulswamad aligeuza kikombe. Akaangalia dirishani. "Zita," alisema.

"Baba Samira!"

"Anajua kupanga zamu! Ningefanyaje? Niandike uongo?" Akashusha pumzi. "Nilijua wengine wataniandika. Nilitaka nishindwe kwa heshima, kwa kura tatu nne."

Zulfa alicheka mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna habari njema.

Kesho yake, mambo bekari yalikuwa ya ajabu. Mmoja mmoja walimfuata Abdulswamad kwenye kona yake ya kufungasha. Basili alisema, shikamoo mzee, usinifikirie vibaya, nilidhani wenzangu watakupa. Rogathe alisema hivyo hivyo, akamwekea skonzi. Pascal alisema yeye safari hii alikusudia kabisa kumpa, ila dakika ya mwisho akaona Zita asije akakosa. Hata Zita alikuja, akakiri kwa aibu kwamba amejipigia mwenyewe. Abdulswamad aliwasikiliza wote kwa uso mzito, akaitikia marahaba, akasema yamekwisha, binadamu hukosea. Aliwasamehe mmoja baada ya mwingine mpaka meza yake ikajaa skonzi.

Aliyeharibu ni Idrisa. Idrisa hawezi kukaa na jambo. Alikuja wa mwisho, akaomba radhi, akasamehewa, akaanza kuondoka, akasimama. Aliwatazama wenzake, akahesabu vidole vya mkono huu, vya mkono ule, akaishiwa vidole.

"Ngoja," alisema. "Sisi wote tumeomba radhi. Ni watu kumi na mmoja. Zita kapata kura kumi na mbili."

Wote waligeukia kona ya kufungasha. Abdulswamad alikuwa ameinama, anafunga mkate ambao ulikuwa umeshafungwa.

"Kura ni ya siri!" alisema bila kuinua kichwa.

Walianza kwa kukohoa, kisha Rogathe akashindwa, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kusimama wima. Idrisa alipofika Maretadu na mikate, habari ilikuwa imepakiwa pamoja nayo, na kufikia mchana wateja wa vitenge walikuwa wanamfuata Zulfa kumuuliza kama ni kweli.

Mwaka huu Mzee Abdulswamad anagombea tena. Ametangaza mapema, mbele ya wote, kwamba safari hii kura yake atajipigia mwenyewe. Zita amesema ni haki yake. Zulfa anasema tutaona.